Kwa nini rais asivifute tu vikwazo vya Urusi
Ndugu, unauliza kwa nini rais wa Marekani asivifute vikwazo dhidi ya Urusi kwa kalamu, maadamu vilianza kwa kalamu. Kweli, vingi vilianza kwa amri za Obama mwaka 2014, Urusi ilipoitwaa Crimea, rasi ya Ukraine. Amri ya namna hiyo rais anayefuata anaweza kuifuta kabla hajamaliza chai yake ya asubuhi. Bunge lao likastuka mapema: 2017 likaziingiza amri zile ndani ya sheria ya vikwazo iitwayo kwa kifupi CAATSA. Seneti kura 98 kwa 2, Baraza la Wawakilishi 419 kwa 3. Trump alinung'unika kweli kweli, lakini kwa kura hizo turufu yake, yaani haki ya kukataa sheria, isingefua dafu, akasaini Agosti 2. Sasa rais akitaka kulegeza jambo zito, hupeleka ripoti bungeni na kusubiri, kwa kawaida siku 30, wabunge wakiijadili. Cuba ndiyo balaa zaidi. Vikwazo vya Marekani dhidi yake viliwekwa kwenye sheria 1996, na hata Obama alipopatana na Havana aliishia kulegeza pembeni tu: safari, fedha za kutumiana. Kiini hakikuguswa.