Komiki ya kikosi: tafuta wale wasio na komiki zao

Mkuu, umeuliza kama kuna faida ya kufuatilia komiki ya kikosi cha mashujaa toleo kwa toleo, au zote ni tangazo tu la kukuuzia komiki za shujaa mmoja mmoja. Nimezisoma kwa miaka, nzuri na mbovu, na siku hizi kabla sijaanza mpya naangalia kitu kimoja: humo ndani ni nani hana komiki yake mwenyewe? Huyo ndiye atakayebeba hadithi.

Sababu ni ya kibiashara kabisa. Shujaa mwenye komiki yake ana mwandishi na mhariri wake, na hao hawatakubali mtu mwingine amvunje mguu, amwozeshe au amuue kwenye komiki ya jirani. Kwa hiyo anakuja kikosini, anapigana, anaondoka vilevile alivyokuja. Tumezoea kusema steringi hafi. Kwenye kikosi steringi hata mafua hapati. Tatizo hili ni la zamani. Avengers, kikosi cha kampuni ya Marvel, ilianza 1963 na vigogo kama Thor na Iron Man, wote wakiwa na hadithi zao kwingine. Kufika toleo la 16, mwaka 1965, waanzilishi wakapisha, akabaki Captain America na watu watatu walioanza upande wa maadui: Hawkeye, Quicksilver na Scarlet Witch. Ukisoma unaona kabisa mambo yamechangamka. Hawkeye anambishia kiongozi wake wazi, na safari hii hujui ubishi utaishia wapi.

Halafu kuna suala la nafasi. Toleo la mwezi huwa na kurasa za hadithi 20 hadi 22 hivi. Weka mashujaa saba, adui mmoja na mji wa kuokolewa, kila mtu anabaki na kurasa mbili tatu, na nusu yake ni ngumi. Justice Society, kikosi cha mwanzo cha mashujaa, kwenye All Star Comics namba 3 ya 1940, walikwepa kwa kukaa pamoja mezani na kila mmoja akasimulia kisa chake peke yake. Ilisomeka, ila hicho si kikosi, ni kikao.

Dawa niliyoipenda zaidi ni ile ya Justice League ya 1987, ya Keith Giffen, J.M. DeMatteis na mchoraji Kevin Maguire. Superman na Wonder Woman walikuwa wanaanzishwa upya kwenye komiki zao, hivyo kikosi kikapewa watu kama Blue Beetle, Mister Miracle na Guy Gardner. Kwa kuwa hawakuwa na vigogo wa kutosha wa kuwarusha vitani, waandishi wakawaachia wagombane. Toleo la 5, Guy Gardner anamchokoza Batman, anapigwa ngumi moja tu, chali. Pigano lenyewe halichukui muda. Utamu uko kwenye nyuso za wenzake wanaotazama, maana Maguire anajua kuchora mtu anayebana kicheko.

Kama unataka kuona faida na hasara zote kwa pamoja, soma komiki iitwayo 52, ya kampuni ya DC. Ilitoka kila wiki kuanzia Mei 2006 hadi Mei 2007, matoleo 52, na kila toleo ni wiki moja ndani ya hadithi. Waandishi wanne, Geoff Johns, Grant Morrison, Greg Rucka na Mark Waid, huku Giffen akipanga michoro ya awali ya kila ukurasa ili wachoraji wengi waliopokezana wasitofautiane sana. Batman na Wonder Woman wamekaa pembeni, Superman hana nguvu. Kuna watakaokwambia si komiki ya kikosi kwa sababu wahusika hawakai nyumba moja. Mimi naihesabu.

Hapa naharibu utamu, kwa hiyo ruka aya hii kama utaisoma. Ralph Dibny, yule wa kurefusha mwili, amefiwa na mkewe Sue, na toleo la kwanza tunamkuta na bastola mdomoni. Baadaye anazunguka na kofia ya Doctor Fate, shujaa wa uchawi, inayoongea naye, huku akipiga mafunda kutoka kwenye kichupa. Wiki baada ya wiki unasema basi, pombe imemmaliza. Wiki ya 42 inafichua kwamba kichupani mlikuwa na gingold, dawa inayompa uwezo wake, na kwamba alishagundua zamani kuwa ndani ya kofia amejificha mchawi Felix Faust. Huyo mlevi tuliyemhurumia ndiye aliyekuwa anatega mtego, na anakufa akiwa ameshinda. Ukiisoma ndani ya jioni moja huwezi kupata mshtuko huo. Unahitaji miezi ya kumdharau kwanza. Vivyo hivyo The Question, mpelelezi anayevaa barakoa isiyo na macho wala mdomo: hauawi na adui, anakufa kwa saratani ya mapafu kwenye theluji, wiki ya 38, na Renee Montoya, polisi wa zamani wa Gotham, anarithi sura yake isiyo na uso. Jaribu kumfanyia Batman hivyo uone kama mhariri atakubali.

Sasa mabaya yake. Komiki nyingine za DC zilikuwa zimesharuka mwaka mmoja mbele ya hadithi hii, kwa hiyo baadhi ya majibu yalikuwa wazi kabla ya maswali. Sehemu ya Steel, shujaa wa mavazi ya chuma, na Lex Luthor, adui wa Superman, inakokota miguu. Kubwa zaidi, vita vya Black Adam, mtawala mwenye nguvu kubwa, vilivyojengwa mwaka mzima vilipofika wiki ya 50, sehemu yake ikamwagwa kwenye matoleo manne ya pembeni yaliyoitwa World War III. Huo ndio ugonjwa wa aina hii nzima: umefuatilia kwa uaminifu, halafu pale pa kilele unaambiwa ukanunue kitu kingine.

Mkusanyiko wake wa kwanza ni vitabu vinne, vyenye maelezo ya waandishi na baadhi ya michoro ya awali ya Giffen. Anza na hivyo, usome toleo moja moja na kupumzika katikati. Yale manne ya vita ukiyapata, yasome baada ya wiki ya 50. Usipoyapata, endelea tu na wiki ya 51.