Mimea tisa haitoshi: kwa unayeanza kazi ya kuzalisha mbegu

Msimu wangu wa kwanza kwenye shamba la majaribio nilihesabu mimea tisa ya maharage ya kizazi cha pili, yaani wajukuu wa aina mbili zilizochanganywa. Mitano ilichanua maua ya zambarau, minne meupe. Nikaandika kwamba rangi hizo hugawana karibu nusu kwa nusu, nikafunga daftari. Aliyekuwa akinifundisha kazi alinirudishia ukurasa ule pamoja na hesabu za Gregor Mendel.

Mendel, mtawa wa Brno, mji ulio Ucheki ya leo, alifanya majaribio ya njegere kuanzia 1856 hadi 1863. Mmea wake mmoja wa chotara, mtoto wa njegere ya punje za mviringo na ya punje zilizokunjamana, ulitoa punje 14 za mviringo na 15 zilizokunjamana. Mwingine ukatoa 43 kwa 2. Angeishia kwenye mmoja wa hiyo miwili, angepotea. Yeye alijumlisha mimea 253, punje 7,324, akapata 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana: karibu tatu kwa moja. Mwingereza John Goss alikwisha kuona, miaka ya 1820, punje za kijani zikirudi kwenye uzao wa njegere alizochanganya. Hakuzihesabu.

Halafu wajue wazazi kwanza. Mendel alikusanya aina 34, akazipima kwa miaka miwili kuona kama zinazaa zinazofanana nazo, akachagua 22. Mzazi usiyemjua atakuharibia misimu yote inayofuata.

Kuhasi ua kunataka utulivu. Njegere hujichavusha ua likiwa bado limefumba, kwa hiyo lifungue mapema, toa stameni (viungo vya kiume vyenye chavua) zote kumi kwa kibano, ndipo uweke chavua ya mzazi wa pili. Ukisahau moja tu, unaweza kupata mtoto wa mama peke yake ukamwita chotara.

Kinachonigusa kuliko yote ni hiki: Mendel alipanda punje za mviringo za kizazi cha pili, akapata mimea 565. Kati yake, 193 ilizaa za mviringo tupu. 372 ilizaa za aina zote mbili. Kwa macho, punje zilizopandwa zilikuwa sawa kabisa, kumbe nyingine zilibeba mkunjamano ndani yake. Ndiyo maana nakuomba usimwage mavuno ya mimea tofauti kwenye mfuko mmoja. Kila mmea uwe na bahasha yake, na namba iandikwe kwa penseli, maana wino hufutika mvua ikinyesha.