Sangara wa sentimita 50 kamili

Mwaka wangu wa kwanza wa ukarani, kwenye mwalo mmoja wa kushushia samaki upande wa Igombe, Mwanza, niliambiwa niandae jedwali kwenye kompyuta: sangara halali huku, wachanga kule. Sheria nilikuwa naijua, sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi. Nikaandika urefu > 50, nikaenda zangu kunywa chai.

Kurudi nakuta samaki watatu wamo kwenye orodha ya wachanga, na tajiri mwenye samaki kamlaza mmoja wao kwenye ubao wa kupimia. Pua imegusa mwanzo wa rula, ncha ya mkia iko kwenye 50, haijapungua hata nukta.

"Karani, huyu kosa lake nini?"

Kosa lilikuwa langu. Kama kinachokatazwa ni chini ya 50, basi 50 yenyewe inapita. Nilitakiwa kuweka ≥, ambayo kwenye kibodi huandikwa >= bila kuacha nafasi.

Siku hizi watoto wa jirani wakiniletea madaftari jioni, naanza na Kiswahili kabla ya alama. Alama ni chache, maneno ndiyo yanayowaangusha. "Zaidi ya 50" ni >, 50 haimo. "Kuanzia 50", "angalau 50", "isiyopungua 50", "si chini ya 50", zote hizo ni ≥. "Isiyozidi" ni ≤. Mtumbwi ukiandikwa abiria wasizidi 12, wa 12 anapanda, wa 13 anabaki ufukweni na mzigo wake. Kwa hiyo jiulize kwanza: namba ya mpakani imo au haimo? Ikiwemo, weka kale kamstari chini.

(Usione aibu kukasahau. Alama za < na > zilionekana kwenye kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot kilichochapishwa mwaka 1631, yeye akiwa ameshafariki miaka kumi. Mfaransa Pierre Bouguer alikuja kuziwekea mistari ya "sawa" chini yake mwaka 1734.)

Ile hadithi ya mdomo wa mamba kumeza kilicho kikubwa, mimi siipendi. Kwa 3 < 8 inafaa. Ikifika x < 8 mtoto anabaki kuuliza mamba anakula nini. Bora asome kwa sauti kutoka kushoto: x ni ndogo kuliko 8. Akianzia upande wa pili atasema 8 ni kubwa kuliko x, na habari ni ileile, kama sato kuwa mdogo kuliko sangara na sangara kuwa mkubwa kuliko sato.

Namba hasi zinaumiza zaidi. Hapo natumia daftari la madeni la dukani. Anayedaiwa 20,000 na anayedaiwa 5,000, nani ana nafuu? Wanacheka, wa 5,000. Basi −20,000 < −5,000, ingawa 20,000 > 5,000. Ndiyo maana ukizidisha au kugawanya pande zote kwa namba hasi, alama inageuka: −2x < 6 inakuwa x > −3. Usikubali kwa sababu nimesema mimi. Weka 0 mahali pa x, swali na jibu vyote vinakubali. Ukisahau kugeuza utaandika x < −3. Jaribu sasa −10, iliyo ndogo kuliko −3, kwenye swali la mwanzo, utapata 20 < 6, na hapo hata wa darasa la pili atakukatalia.