Kwa nini maji ya vuguvugu, si ya moto

Umeuliza kwa nini karatasi za haradali za karne ya 19, yaani karatasi zenye unga wa haradali zilizobandikwa kifuani kama dawa, zilichovywa kwenye maji baridi au ya vuguvugu, ilhali dawa yenyewe ni ya kuchoma. Jibu limo ndani ya mbegu. Unga wa haradali ukiwa mkavu hauna ukali. Ukishapata maji ndipo kimeng'enya chake, yaani kichocheo cha kikemia kilichomo ndani ya mbegu, kinapotoa yale mafuta yanayowasha pua na ngozi. Maji yanayochemka hukiua kimeng'enya hicho, karatasi ikabaki karatasi tu.

Kabla ya karatasi hizo watu wa Ulaya walikoroga unga wa haradali na wa ngano, wakapaka kitambaani, mgonjwa akisubiri huku anakohoa. Miaka ya 1860 mfamasia Mfaransa, Paul Jean Rigollot, aliukamua unga mafuta yake mazito, yale yasiyowasha, akaugandisha kwenye karatasi kwa mpira ulioyeyushwa. Unachovya kidogo, unabandika kifuani, baada ya dakika 10 hivi ngozi imeiva wekundu, unabandua. Mimi naona ilikuwa akili kubwa sana.

Ila nakuomba, usimjaribie mtoto. Ikizidi muda inatoa malengelenge, na nimonia haiponi kwa haradali.