Nauza fremu ya baiskeli, ina mchubuko

Tangazo langu la kwanza lilisema hivi: "Nauza fremu, ipo Tabata, maongezi yapo." Ndani ya saa moja nilikuwa na ujumbe saba. Mmoja aliuliza kodi inalipwa miezi mingapi. Mwingine akataka kujua kama luku ni ya kujitegemea. Hapa Dar ukisema fremu ukaishia hapo, mtu anaona mlango wa duka, haoni mabomba ya baiskeli. Kwa hiyo tuanzie hapo: andika "fremu ya baiskeli", na picha itangulie maneno.

Yenyewe ilikuwa fremu ya chuma ya baiskeli ya mbio, mtumba wa Uingereza, pamoja na uma wake, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Niliinunua ikiwa baiskeli nzima kwa sababu ya tamaa tu. Ni saizi 58, na mimi ni mfupi. Nikisimama kwenye taa nyekundu bomba la juu linanigusa pasipotakiwa kuguswa. Nilipopata fremu ndogo nikahamishia magurudumu, gia na usukani, hii ikabaki inaning'inia stoo. Mke wangu akawa anaitazama kama mgeni asiyetaka kuaga.

Ilikuwa na kasoro mbili. Upande wa kushoto wa bomba la chini rangi ilichubuka, urefu wa kidole, pale nilipozoea kuifunga kwa mnyororo kwenye nguzo. Na juu ya bomba la juu kulikuwa na kibonyeo kama punje ya choroko: siku moja baiskeli ilianguka, usukani ukazunguka, ncha yake ikagonga bomba.

Sasa nikafanya ujanja. Nikanunua rangi nyeusi ya kopo, ya kupuliza, nikafunika mchubuko. Nilijiona fundi. Mteja wa kwanza tulishaelewana kwenye simu laki moja na sabini, akaja na fundi wake, mzee wa makamo mwenye mikono iliyokula grisi miaka mingi. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kuniangalia. Hakuitazama fremu yote kama nilivyotarajia. Alipitisha kidole gumba taratibu juu ya mabomba, na kidole kikasimama palepale. Nyeusi ya kopo na nyeusi ya kiwandani hazilingani hata kwa kuguswa. Akatoa sarafu mfukoni, akakwangua kidogo.

"Bosi, hii imekula mzinga?"

"Hapana mzee, ni mchubuko wa mnyororo tu."

"Sasa kama ni mchubuko tu, ulikuwa unaficha nini?"

Sikuwa na jibu. Waliondoka kistaarabu kabisa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mteja wa pili nilimkosa kwa kosa dogo zaidi. Rangi ya kopo nilishaitoa, lakini kibonyeo sikukitaja kwenye tangazo. Nilijisemea atakiona akija. Akaja kutoka Bunju, daladala mbili na foleni juu yake, akakiona. Akasema elfu themanini. Ile haikuwa bei ya kibonyeo, ilikuwa bei ya hasira na nauli. Nikakataa, naye akarudi Bunju.

Ndipo nikaamua tangazo la tatu lianze na kasoro. Lakini kabla ya kumwambia mtu "ni rangi tu" ilibidi mimi mwenyewe niwe na uhakika, maana kuna mchubuko na kuna ufa, na anayepanda baiskeli ni mtoto wa watu.

Nilichofanya ni hiki. Niliiosha kwa maji na sabuni, nikaikausha, nikaitoa juani. Sehemu ya kutazama kuliko zote ni nyuma tu ya shingo, yaani lile bomba fupi linaloshika uma. Baiskeli ikigonga kitu kwa mbele, bomba la chini na la juu huvimba au hukunjamana hapo, na rangi hupasuka kwa mistari ya kuzunguka bomba. Usitegemee macho, pitisha kidole kwa chini, mkunjo mdogo utausikia. Halafu chukua pamba kavu, ipitishe kwenye maungio yote, hasa chini pale ekseli ya pedeli inapopita na pale bomba la siti linapokutana na la juu. Penye ufa pamba hunasa nyuzi. Penye mchubuko wa rangi mara nyingi inateleza tu.

Kisha uzi. Hili alinifundisha jirani yangu anayetengeneza baiskeli, na halina gharama. Unafunga uzi pale ekseli ya nyuma inapokaa, upande mmoja, unauvuta hadi mbele, unauzungusha mbele ya shingo, unaurudisha nyuma na kuufunga upande wa pili. Sasa pima kwa rula kutoka kwenye uzi hadi bomba la siti, kulia na kushoto. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Tofauti ya milimita moja haikunyimi usingizi. Ikiwa kubwa, acha kuiita kasoro ya rangi. Yangu ililingana, nikaipiga picha uzi na rula vikiwa vimekaa.

Haya nayasema kwa fremu ya chuma. Chuma kinavumilia kibonyeo kidogo, na hata kikipasuka fundi mzuri anaweza kukichomelea. Alumini ni habari nyingine: ikichomelewa inapoteza nguvu pale ilipopata moto, na bila kupikwa upya kwa utaratibu wake hairudi ilivyokuwa. Karboni ndiyo ya kuogopa kabisa, maana juu inaweza kuonyesha mkwaruzo tu kumbe ndani tabaka zimeachana. Kama unauza ya karboni iliyogongwa, usiandike "ndogo tu" mpaka ikaguliwe na anayeijua.

Mchubuko wangu ulikuwa umefika kwenye chuma chenyewe, na kwa hewa ya chumvi ya Dar kutu haisubiri. Nikasugua kutu kidogo kwa msasa laini, nikapaka rangi ya kucha ile isiyo na rangi. Ya mke wangu, na niliomba. Inazuia kutu, na mnunuzi bado anaona kila kitu. Nikasimama hapo. Stika sikuigusa, ingawa imechanika nusu na mkono uliniwasha niibandue ili bomba ling'ae. Ilikuwa imeandikwa Reynolds 531, mabomba ya chuma yaliyoanza kutoka Birmingham mwaka 1935, na wazee wa baiskeli wakiyasikia hayo macho yanawatoka. Nusu stika ile ilileta wateja kuliko rangi yote iliyobaki.

Picha nilipiga asubuhi kivulini, kwa sababu jua la saa sita linameza mikwaruzo na mtu atadhani umekusudia. Kibonyeo nikakiwekea sarafu ya shilingi 200 pembeni ili ukubwa wake ujulikane. Mbili za kasoro zikaenda mwanzo, za kupendeza zikafuata. Na namba iliyogongwa chini, pale pedeli zinapopita, nikaipiga kwa ajili yangu mwenyewe, sikuiweka hadharani.

Vipimo viandike vyote, vinginevyo utajibu "ipo bado?" hadi uchoke na hakuna anayekuja. Mimi niliandika: sentimita 58, kutoka katikati ya pale pedeli zinapopita hadi juu ya bomba la siti, nafasi ya gurudumu la nyuma milimita 126, tundu la bomba la siti milimita 27.2; upana wa chini pale pedeli zinapopita milimita 68, nyuzi za Kiingereza, yaani zile za kufungia kama za skrubu. Ile 126 ni muhimu kuisema, maana ndiyo ya baiskeli za mbio za zamani. Magurudumu ya mbio yaliyokuja baadaye, ya breki za kubana rimu, mengi ni 130, na mtu akifika nayo hayaingii hivihivi. Na kama unavua mwenyewe vyuma vilivyofungwa ndani ya fremu pale pedeli zinapopita, kumbuka kwa nyuzi za Kiingereza upande wa kulia unafunguka kinyume. Ukilazimisha utaharibu nyuzi, na hapo ndipo kasoro ya kweli inapozaliwa.

Bei nilipanga hivi. Nilimuuliza fundi atapaka rangi fremu nzima kwa kiasi gani, akasema elfu arobaini. Nikaona huo ndio mwisho wa punguzo langu kwa kasoro zote mbili, nikashuka kutoka laki na themanini ninayoitaka hadi laki na arobaini, halafu nikaongeza ishirini ya maongezi, kwa sababu hapa kwetu mtu asipopunguziwa anaona ameibiwa.

Mteja wa tatu alikuja peke yake, jioni, na gurudumu mkononi. Akaenda moja kwa moja kwenye kibonyeo, akakiingiza ncha ya kidole, akacheka: "Kumbe ndiyo hiki? Nilidhani shimo." Uzi tukaufunga tena mbele yake. Tukamalizana laki na arobaini na tano. Akatuma kwa simu. Meseji ikaingia, ila mimi meseji siiamini, nikapiga *150*00# nikaangalia salio kwanza. Asijisikie vibaya, nilimwambia mapema kwamba ndivyo ninavyofanya kwa kila mtu. Tukaandikiana karatasi mbili, majina yetu, tarehe, bei, namba ya fremu, na kasoro zote mbili kwa maandishi. Siku akisimamishwa akaulizwa umeitoa wapi, ana cha kuonyesha. Na siku akinigeuka kuhusu kibonyeo, na mimi ninacho.

Kama mteja yuko mkoani na unatuma kwa basi, kata kipande cha mti kinachoenea kati ya miguu ya nyuma pale ekseli inapokaa, kingine kwenye uma, uvifunge vizuri. Fremu isiyo na magurudumu ikiwekewa gunia la mchele juu, miguu inaingia ndani. Halafu zungushia mabomba vipande vya tyubu ya zamani. Boksi peke yake halitoshi.

Wiki iliyopita nilimwona yule jamaa Mwenge, anakatiza foleni mwenyewe mrefu kama mnazi, fremu imemkaa hasa. Mchubuko ameuacha vilevile. Kwenye kibonyeo amebandika stika ya Simba. Mimi ni Yanga, lakini hela nilishakula.