Mawazo Matatu, Akiba ya Kuanzisha Moja: Lipi Lina Biashara?

SWALI: Nina mawazo matatu: udobi wa mashine, kushona sare za kazi na ufundi wa simu. Akiba yangu inatosha kuanzisha moja tu. Kila ninayemuuliza ananiambia yote ni mazuri. Nitatambuaje lenye fursa ya kweli kabla sijatoa fedha?

JIBU: Anza kwa kubadilisha swali unalowauliza. Mtu akiulizwa kama wazo lako ni zuri, hujibu kwa kulinda urafiki. Muulize alichokwisha kufanya: mara ya mwisho nguo zilipolundikana alizipeleka wapi, alilipa kiasi gani, alisubiri siku ngapi, nini kilimuudhi? Tafuta watu 15 hadi 20 wasio jamaa zako. Fursa ipo pale ambapo watu tayari wanalipa, wanapoteza muda, au wanajikalifisha na suluhisho bovu. Anayesema jambo linamsumbua sana lakini hajawahi kutumia hata saa moja kulitatua, usimhesabu kuwa mteja.

Baada ya hapo shika kalamu. Nitatumia namba za mfano zisizo na sarafu. Weka zako mahali pake.

Udobi. Gharama za kila mwezi zisizojali umefua au hukufua: pango 300, ujira wako 400, simu na taa 60, na uchakavu wa mashine 40 (mashine ya 1,440 itakayodumu miezi 36). Jumla 800. Ujira wako usiufute. Wengi huufuta ili hesabu ipendeze, kisha mwaka mzima wanaifanyia biashara kazi ya bure na kuiita faida. Bei ni 2 kwa kilo. Sabuni, maji, umeme na mfuko vinakula 0.75, kwa hiyo kila kilo inabakiza 1.25. Gawanya 800 kwa 1.25: lazima ufue kilo 640 kwa mwezi kabla hujaona faida yoyote.

Swali linalosahaulika ni hili: je, mashine inaziweza? Mashine iliyoandikwa kilo 8 mara nyingi utaipakia 6, kwa sababu nyeupe hazichanganywi na za rangi, wala nguo za mteja huyu na za yule. Mzunguko mmoja, pamoja na kupakia na kupakua, ukichukua saa moja na nusu, kwa siku ya saa nane utapata mizunguko mitano: kilo 30. Kwa siku 26 za kazi ni kilo 780. Maana yake utahitaji asilimia 82 ya uwezo wako wote ili usipate hasara tu. Mashine ikiharibika siku sita mwezi huo, umekwisha. Na sijagusa ukaushaji, ambao kwa kawaida ndio unaokwama kwanza.

Ukipandisha bei hadi 2.40, kila kilo inabakiza 1.65 na unahitaji kilo 485, yaani asilimia 62 ya uwezo. Bei imepanda kwa asilimia 20, lakini kazi ya lazima imepungua karibu robo. Kwangu mimi, wazo linalohitaji zaidi ya asilimia 70 ya uwezo ili kurudisha gharama halifai kuanzishwa jinsi lilivyo: ama bei ibadilike, ama pango.

Kwenye bei hapo kuna mtego mwingine. Ukiongeza asilimia 30 juu ya gharama ya 100 unauza kwa 130. Hiyo 30 ni asilimia 23 tu ya mauzo. Mteja akiomba punguzo la asilimia 25 ukamkubalia, unapokea 97.50. Umeuza chini ya gharama: ni kama umemlipa ili anunue kwako.

Sare za kazi huonekana nono kwa kuwa oda ni kubwa, ila zinaua kwa njia nyingine. Unanunua kitambaa leo, unashona siku 20, kampuni inalipa siku 45 baada ya kupokea mzigo. Fedha yako imekaa nje siku 65. Muuza kitambaa akikukopesha kwa siku 15, bado pengo ni siku 50. Ukitumia 30 kwa siku, unahitaji mtaji wa kuendeshea wa 1,500, mbali na cherehani. Biashara inaweza kuwa na faida kwenye daftari huku umeshindwa kununua uzi. Oda bila arbuni ya nusu bei, iache.

Ufundi wa simu hauhitaji hesabu ndefu. Kama fundi ni wewe, endelea kuupima. Kama utaajiri fundi, akiondoka ameondoka na biashara. Vioo na betri agiza kwa kazi iliyopo, usijaze rafu kwa simu za aina ambazo kesho hakuna azitumiaye.

Kwa namba hizi ningeanza kujaribu udobi, bila kununua mashine. Kwa wiki nne pokea nguo kwa bei ya 2.40 na uzifue kwenye mashine ya mtu unayemlipa kwa kilo. Faida usiitarajie, unachotafuta ni daftari: nani ameleta, kilo ngapi, siku gani, amerudi mara ngapi. Mteja wa kilo 6 kila wiki ni kilo 26 kwa mwezi, kwa hiyo wateja 19 wa kudumu wanatosha kuvuka 485. Weka kiwango chako mapema, kwa mfano: wasipopatikana 10 walioleta nguo angalau mara tatu, sinunui mashine. Kiandike siku ya kwanza, maana ikifika wiki ya nne utakuwa umeshalipenda wazo na utajikuta unamhesabu na shangazi yako.