Muulize Fundi wa Ndege: Taa ya moto iliwaka, mbona tuliachwa tumekaa?

SWALI: Shikamoo mzee. Nilikuwa nasafiri na mama mkwe kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam kwa ndege ya pangaboi. Tukiwa bado tunatambaa kwenda kurukia, ndege ikasimama ghafla na injini zote mbili zikazimwa. Rubani akatangaza tubaki kwenye viti. Gari la zimamoto likaja. Kijana mmoja akainuka afungue mlango wa dharura, mhudumu akamkemea. Baada ya kama dakika tano tukashushwa kwa ngazi, tukaambiwa taa ya moto wa injini iliwaka. Kama kulikuwa na moto, kwa nini hatukutolewa palepale? Mama mkwe ameapa kuwa sasa ni treni ya SGR tu. (Mama wa watoto wawili, Area C, Dodoma)

JIBU: Marahaba, mwanangu, na mpe pole mama mkwe. Nimetengeneza injini za ndege miaka 31, na najua dakika tano zilivyo ndefu kwa aliyefungwa mkanda. Lakini hamkuachwa. Kule mbele watu walikuwa kazini.

Taa ikiwaka ndege ikiwa chini, la kwanza ni kusimama na kufunga breki ya maegesho. Kisha rubani anakata mafuta ya injini ile na kuvuta kishikio chekundu cha moto. Natamani ungekiona. Kinajaa kiganjani, taa yake imo humo humo ndani, na kikiwaka kinang'aa kama kaa la jikoni. Ukikivuta, vali ya mafuta inafunga, haidroliki inazuiwa, na hewa ya moto ya injini nayo inafungiwa. Moto umenyimwa chakula. Ndipo inafyatuliwa chupa ya gesi ya kuzimia, kwa kawaida haloni, imwagike ndani ya ganda la injini. Taa isipozimika, ndege nyingi utaratibu wake ni kusubiri sekunde 30 kisha kufyatua chupa ya pili. Hebu fikiria nusu dakika hiyo, macho kwenye saa, nyuma yako kuna watu mnaowajibika kwao. Wakati huohuo rubani msaidizi anaongea na mnara wa kuongozea ndege, maana kwenye viti vyao hawaioni injini vizuri. Aliye nje, yule askari wa zimamoto, ndiye macho yao.

Na taa inaweza kuwaka bila moto. Ndani ya ganda la injini umepitishwa waya wa kuhisi joto, mafundi tunauita lupu. Lupu inajua joto, haijui moto. Kuna siku nilifungua ganda la injini iliyoletwa kwa kisa kama chenu, nikakuta kibano cha bomba la hewa ya moto kimelegea, hewa inapuliza moja kwa moja kwenye lupu. Chuma pale kilikuwa kimegeuka bluu, doa la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Moto haukuwapo hata kidogo. Rubani asingeweza kulijua hilo, na alifanya vyema kuzima.

Sasa yule kijana wa mlango. Niliposoma hapo moyo ulinipasuka. Oktoba 28, 2016, kwenye uwanja wa O'Hare, Chicago, injini ya kulia ya Boeing 767 ilipasuka ikikimbia kuruka, moto ukawaka. Abiria wakaanza kutoka upande wa kushoto, na injini ya upande huo bado inaunguruma. Mmoja alipigwa na upepo wa injini akaumia vibaya. Wote 170 walipona moto. Kwa ndege yenu ni pangaboi, na pangaboi likizunguka kwa kasi jicho halilioni. Mhudumu alimwokoa kijana yule.

Sitakuficha kwamba kuchelewa nako kunaua. Agosti 22, 1985, uwanja wa Manchester, Uingereza, injini ya Boeing 737 ilipasuka na kutoboa tangi la mafuta. Marubani walidhani tairi limepasuka. Wakaacha kuruka, wakakunja kutoka kwenye njia ya kurukia, na upepo ukaupeleka moto kwenye bodi ya ndege. Watu 55 walikufa, wengi kwa moshi. Ndiyo maana leo unamwona rubani anasimama palepale njiani na anauliza upepo unatoka wapi. Sisi wa Dodoma tunaujua upepo wa kiangazi, ule unaotia vumbi hadi kwenye chai. Ukiutupa moshi kwenye ndege, hesabu yote inabadilika. Zimamoto wangesema wanaona mwali, mngeambiwa mtoke mara moja, na ndege kama ile hujaribiwa kuwa inaweza kutoa watu wote ndani ya sekunde 90 kwa nusu ya milango yake. Siku hiyo mama mkwe aache mkoba, aache na kitenge cha zawadi.

SWALI: Nimepata kazi ya kupokea ndege ndogo uwanjani. Nikiona moto kwenye bomba la moshi rubani anapowasha injini, nimwambieje na hatusikiani? (Kijana, Manyoni)

JIBU: Swali zuri sana, kwa sababu moto huo kengele haiuoni. Lupu ziko ndani ya ganda lakini nje ya injini yenyewe, moto uko ndani ya bomba. Kengele ni wewe. Mimi ulinikuta nikiwa kijana, nimevaa hedfoni: ulimi wa rangi ya chungwa, mrefu kama mkono wangu, na harufu ya mafuta ya taa yaliyoungua. Marubani walikuwa wanasoma orodha yao kwa utulivu kabisa. Nikasema, "Moto bombani, namba mbili." Wakakata mafuta, wakaendelea kuizungusha injini kwa stata, hewa ikaupuliza moto ukafa.

Kama huna hedfoni, simama rubani akuone, mbali na pangaboi na bomba. Mkono wa kushoto uelekeze kwenye injini inayowaka. Wa kulia upepee, kutoka begani hadi gotini, na usiache mpaka uone amekata mafuta.